Kuchagua Matairi ya Pikapu kwa Matope, Trela na Theluji: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Gari wa Nairobi

Wengi wanaoniomba ushauri kuhusu matairi huanza na swali ambalo lingefaa kuwa la mwisho: wanataka kujua ni kampuni gani inayotengeneza tairi bora. Mimi huwarudisha nyuma na kuwauliza gari lao hubeba nini, hukokota nini, na hupita kwenye udongo wa aina gani, kwa sababu tairi linalomfaa jirani anayepeleka sukumawiki Soko la Wakulima linaweza kuwa hatari kwa mtu anayekokota trela ya ng'ombe kutoka Kinangop. Kwa miaka 14 nimeendesha pikapu kati ya Ruai, ninakoishi na kufuga, na sehemu za juu za Kinangop, ninakonunua nyasi kavu na ndama. Katika miaka hiyo nimejifunza kwamba mzigo ndio unaostahili kuamua kwanza, udongo ufuate, na sura ya tairi isubiri hadi mambo hayo mawili yamalizike. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo.

Hatua ya kwanza: hesabu kilomita zako kwa aina ya njia

Weka daftari ndani ya gari kwa mwezi mmoja, ikiwezekana mwezi wa mvua, na uandike kila safari umeenda kilomita ngapi za lami, ngapi za changarawe na ngapi za matope. Nilipofanya hivyo Aprili moja, niligundua kwamba kati ya kilomita takriban 2,200 nilizoendesha, 1,900 zilikuwa za lami, 260 za changarawe, na 40 pekee ndizo zilizokuwa za matope halisi ya kukwamisha gari. Kabla ya hapo ningeapa kwamba naishi matopeni.

Hesabu hiyo ni muhimu kwa sababu matairi ya pikapu yamegawanyika katika jamii tatu, nazo huandikwa ubavuni kwa herufi. Yale ya H/T ni ya barabara nzuri: meno yake yamekaribiana, hayapigi kelele, hushika lami vizuri hata ikiwa na maji, lakini yakikanyaga udongo mweusi hujaa mara moja na kuwa laini kama mpira wa kuchezea. Yale ya M/T ni ya matope: meno ni makubwa, yameachana sana, na ubavu una vipande vinavyosaidia kukwaruza ukuta wa mfereji uliochimbwa na magari mengine. Katikati yapo ya A/T, ambayo ni mseto wa hayo mawili.

Iwapo matope hayafiki sehemu moja ya kumi ya kilomita zako, na wewe hukokota mizigo kwenye lami, nashauri A/T bila kusita. Tairi la M/T hugusa lami kwa mpira mchache kwa sababu ya nafasi kubwa kati ya meno, na ndiyo maana gari huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama barabara ikiwa imelowa. Anayekokota trela katika mvua ya jioni kwenye Barabara ya Kangundo, huku matatu zikimkatiza mbele, anahitaji umbali mfupi wa kusimama kuliko anavyohitaji meno ya kutisha. Kwa upande mwingine, mtu ambaye kilomita tano za mwisho za kufika nyumbani Kamulu au Joska ni udongo mweusi mtupu, na ambaye hana njia nyingine msimu wote wa mvua, ana haki ya kununua M/T na kuvumilia kelele yake na mafuta yanayoongezeka.

Hatua ya pili: soma kibandiko cha mlangoni, kisha ubavu wa tairi

Fungua mlango wa dereva na utafute kibandiko kwenye nguzo yake. Hapo utakuta ukubwa wa tairi lililokusudiwa na mtengenezaji wa gari pamoja na kiasi cha upepo kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, mara nyingi kwa hali mbili, gari likiwa tupu na likiwa limebeba. Ikiwa kibandiko kimebanduka, kitabu cha gari kina maelezo hayo hayo. Usikubali kuambiwa dukani kwamba upepo unaofaa ni ule ulioandikwa ubavuni mwa tairi, kwa kuwa namba hiyo ya ubavuni inahusu kiwango cha juu ambacho tairi lenyewe linaruhusiwa, na haisemi lolote kuhusu gari lako.

Sasa inama usome ubavu. Tuchukue tairi lililo kwenye pikapu nyingi za milango minne hapa mjini, lenye maandishi 265/65R17 112S. Namba 265 ni upana wa tairi kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo, R inaonyesha kwamba nyuzi za ndani zimepangwa kwa mtindo wa radiali, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Sehemu ambayo wanunuzi wengi huiruka ndiyo iliyo na uzito zaidi: 112 ni kipimo cha mzigo, nacho kinamaanisha kwamba tairi moja linaweza kubeba kilo 1,120 likiwa na upepo wake kamili, na S inamaanisha kwamba limepimwa kwa mwendo wa hadi kilomita 180 kwa saa. Herufi Q ni 160, R ni 170 na T ni 190. Kwa mtu anayekokota trela herufi hiyo haina shida, lakini namba ya mzigo haina mzaha.

Vipimo vya mzigo utakavyokutana navyo mara kwa mara ni hivi: 100 ni kilo 800, 104 ni 900, 108 ni 1,000, 110 ni 1,060, 115 ni 1,215, 118 ni 1,320, na 121 ni 1,450. Ukiona namba mbili zimetenganishwa kwa mkwaju, kama 121/118, ya kwanza ni ya tairi likiwa peke yake kila upande na ya pili ni ya matairi pacha ya nyuma kama yale ya lori dogo. Namba ya pacha huwa ndogo kwa sababu matairi mawili yaliyobanana hayagawani mzigo sawasawa kila wakati. Moja likipungukiwa na upepo, mwenzake hubeba mzigo wa wote wawili bila dereva kujua.

Kuna tofauti nyingine inayofichwa na herufi mbili tu. Tairi likianza na LT, au likiwa na C baada ya ukubwa wa rimu kama 205R16C, limetengenezwa kwa magari ya mizigo. Likiwa halina herufi hizo, au likianza na P, ni la jamii ya magari ya abiria hata kama limefungwa kwenye pikapu. Ya LT huambatana na herufi ya uwezo: C ni sawa na plai 6 (plai ni tabaka la nyuzi za ndani), D ni plai 8, E ni plai 10. Siku hizi plai hizo ni kipimo cha nguvu tu, si hesabu ya matabaka yaliyomo ndani.

Hatua ya tatu: pima mzigo wako halisi

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie, kwa sababu makosa mengi ya matairi niliyoyaona yalianzia kwenye kukisia uzito.

Pakia gari kama unavyolipakia siku ya kazi, funga trela ikiwa na mzigo wake, jaza mafuta, mweke msaidizi wako kitini, kisha nenda kwenye mizani. Viwanda na maghala kadhaa ya Nairobi yana mizani ya magari, na wenyewe hukubali kupima gari la nje kwa ada. Omba magurudumu ya nyuma ya pikapu peke yake yapande juu ya bamba, trela ikiwa bado imefungwa, na uandike namba hiyo. Kisha pima ekseli ya mbele, kisha ekseli ya trela.

Trela haikandamizi pikapu kwa uzito wake wote, ila kwa sehemu inayoegemea kiungo, yaani pale trela inapofungwa kwenye pikapu, na upakiaji mzuri huweka takriban asilimia 10 hapo. Trela ya kilo 1,800 hivyo hukandamiza kiungo kwa kilo 180. Hata hivyo kiungo kiko nyuma ya ekseli, kama mtu aliyekalia ncha ya bembea. Ikiwa kiungo kiko mita 1.2 nyuma ya ekseli na umbali kati ya ekseli mbili ni kama mita 3.1, kilo hizo 180 huongeza takriban kilo 250 kwenye magurudumu ya nyuma na kuondoa takriban kilo 70 kwenye yale ya mbele. Ndiyo sababu usukani huwa mwepesi trela ikipakiwa vibaya, na ndiyo sababu matairi ya nyuma hubeba zaidi ya wengi wanavyodhani.

Tuseme mizani imeonyesha kilo 1,760 kwenye ekseli ya nyuma. Ukigawa kwa mbili unapata 880 kwa kila tairi, lakini mizigo haikai katikati kwa utii. Magunia yakielemea kulia, tairi moja linaweza kubeba 930 na lingine 830. Tairi letu la 112 linasema 1,120, na kwa haraka mtu angeridhika. Lakini kanuni za usalama za Marekani hutaka uwezo wa tairi la jamii ya abiria ugawanywe kwa 1.10 linapofungwa kwenye gari la mizigo, kwa kuwa gari la mizigo huyumba zaidi na hupakiwa kupita kiasi mara nyingi zaidi. Ukigawanya 1,120 kwa 1.10 unapata 1,018, na salio lako sasa ni kilo 88 tu. Mashimo mawili na tuta moja lisilo na alama hulimaliza salio hilo. Tairi la LT265/70R17 lenye 121 lina uwezo wa kilo 1,450, yaani salio la zaidi ya kilo 500 kwa mzigo ule ule. Mimi sikokoti trela na salio lililo chini ya asilimia 20.

Tahadhari mbili zinahitajika hapa. Ya kwanza ni kwamba tairi lenye nguvu haliongezi uwezo wa ekseli, springi wala breki. Ikiwa mizani imepita kikomo kilichoandikwa na mtengenezaji wa gari, punguza mzigo. Ya pili ni kwamba tairi la LT la plai 10 hufikia uwezo wake wa juu likiwa na upepo wa PSI 80 (PSI ni paundi kwa inchi ya mraba, kipimo cha upepo). Ukilijaza PSI 35 kama lile la zamani, linaweza kubeba kidogo kuliko tairi la abiria lenye upepo huo huo. Mtu akinunua LT kisha akaendelea na upepo wa kibandiko cha zamani, amelipia nguvu ambayo haitumii. Omba jedwali la mtengenezaji wa tairi linaloonyesha mzigo na upepo, na uchague upepo kulingana na kilo ulizopata kwenye mizani.

Usisahau matairi ya trela yenyewe. Trela yetu ya kilo 1,800 ikitoa 180 kwa kiungo, inabaki na 1,620 juu ya magurudumu yake. Ikiwa ina ekseli moja, kila tairi linabeba 810, na hapo tairi la 100 limeshashindwa kabla ya safari kuanza. Matairi ya trela huharibiwa zaidi na umri kuliko matumizi, kwa kuwa trela husimama juani miezi mingi, na meno yanaweza kuonekana mapya huku mpira umeshakauka na kupasuka nyufa ndogo ubavuni.

Hatua ya nne: ujue udongo wako

Matope si kitu kimoja, na hapa Nairobi tuna angalau mawili yenye tabia tofauti kabisa.

Upande wa mashariki na kusini, kuanzia Embakasi na Ruai hadi Kitengela na nyanda za Athi, kuna udongo mweusi. Udongo huo una mfinyanzi unaovimba ukinywa maji na kupasuka nyufa ukikauka. Ukilowa hunata kwenye tairi, kisha hunata juu ya ule ulionata, hadi nafasi kati ya gurudumu na bodi inajaa na gurudumu linakataa kuzunguka. Nimewahi kusimama nikachokoa kwa panga tabaka nene kama kiganja, na chini yake meno ya tairi la A/T hayakuonekana kabisa. Katika udongo huu jambo la maana si ukubwa wa meno bali uwezo wa tairi kujisafisha: mifereji mipana inayofunguka kuelekea nje, ili tope litupwe gurudumu linapozunguka. Chunguza pia kama chini ya mifereji kuna vinundu vidogo vya kusukuma mawe na udongo nje. Na kwa kuwa udongo mweusi uliolowa vizuri hauna sakafu ngumu karibu, tairi pana kiasi, lililopunguzwa upepo, huelea vizuri kuliko jembamba linalozama.

Upande wa Kiambu, Limuru na miteremko ya mashamba ya chai, udongo ni mwekundu. Huo hauvimbi sana, ila juu yake hutanda utelezi kama sabuni huku chini kukiwa kugumu. Hapo tairi jembamba lina heshima yake, kwa sababu hukata utelezi na kushika sakafu. Wazee waliokuwa na magari ya tairi za 7.50R16 hawakuwa wanabahatisha. Kwa miteremko hiyo natafuta tairi lenye meno yenye kingo nyingi kali na mikato midogo juu ya meno, kwa maana kingo ndizo zinazouma utelezi.

Kuhusu kupunguza upepo, fanya hivyo tu ukiwa na pampu ya kurudishia na ukiwa huna mzigo mzito. Kushusha hadi kati ya PSI 20 na 25 huliongezea tairi urefu wa kukanyaga na mara nyingi hulitoa gari palipokuwa pameshindikana; lakini uendeshe polepole, usikate kona kwa nguvu, na ujaze upepo kabla ya kurudi kwenye lami. Ukiwa na trela iliyopakiwa, usishushe. Tairi lenye upepo mdogo chini ya mzigo hukunjika ubavuni kila linapozunguka, na kukunjika huko huzalisha joto linaloua nyuzi za ndani bila dalili ya nje.

Mwisho wa suala la matope ni kina cha meno. Tairi jipya la M/T au A/T huanza na kina kikubwa kuliko la H/T, na msaada wake matopeni hupungua mapema sana, muda mrefu kabla ya kufikia vile vinundu vya alama ya kuchakaa vilivyo chini ya mifereji, ambavyo vina kimo cha milimita 1.6. Mimi huacha kuliamini tairi la matope likishafika nusu ya kina chake cha awali. Baada ya hapo hulimalizia kiangazi kwenye lami na changarawe.

Hatua ya tano: theluji, na kwa nini inatuhusu

Hakuna barabara ya magari ya Kenya inayokuhitaji ununue tairi la theluji, na theluji ya Mlima Kenya iko juu sana ya mahali ambapo gari linaweza kufika. Hata hivyo theluji hutufikia kwa njia ya meli. Magari mengi yaliyotumika hutoka Japani, na baadhi yake hushuka Mombasa yakiwa yamevaa matairi ya majira ya baridi. Angalia ubavuni kama kuna neno STUDLESS, au kwenye matairi ya lori neno SNOW, na utazame meno: yatakuwa na mamia ya mikato myembamba ya mawimbi, na ukibonyeza kwa ukucha mpira utahisi kuwa laini.

Mpira huo umechanganywa ili ubaki laini hewa ikiwa chini ya nyuzi joto 7, ambapo mpira wa kawaida huanza kukakamaa. Nairobi, hata usiku wa Julai, kwa kawaida haishuki hadi hapo, na mchana wa Februari lami huwaka. Kwenye joto hilo tairi la baridi huyumba, huchakaa upesi na hurefusha umbali wa kusimama, na chini ya trela huyumba zaidi. Ukinunua gari lenye matairi hayo, weka bei ya matairi mapya kwenye hesabu ya gari tangu mwanzo.

Alama mbili hazifai kuchanganywa. M+S inaonyesha tu kwamba mpangilio wa meno una nafasi za kutosha kwa matope na theluji, na tairi la A/T hupewa alama hiyo bila jaribio lolote la theluji. Picha ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, iliyoanza kutumika mwaka wa 1999, hupewa tairi lililofaulu jaribio kwenye theluji halisi. Ujerumani, kwa mfano, tangu Oktoba 2024 haikubali tena M+S peke yake kuwa tairi la baridi. Muuzaji wa Nairobi akikutoza zaidi kwa sababu ya M+S kana kwamba ni sifa ya matope, usikubali. Matairi kadhaa ya A/T yana alama ya mlima na hayana ulaini wa yale ya STUDLESS. Hayo hayana ubaya, ila alama yenyewe isikuongezee bei.

Hatua ya sita: ujizuie kuhusu ukubwa

Tamaa ya tairi kubwa ina gharama inayohesabika. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha takriban milimita 776. Ukipanda hadi 265/70R17 unafika 803, ongezeko la zaidi kidogo ya asilimia 3, na saa ya mwendo ikisema 80 wewe uko karibu 83. Ukienda 285/70R17 unafika 831, na 80 yako inakuwa karibu 86. Mwendo ndio uharibifu mdogo. Gia zote zinakuwa kama zimeongezwa urefu, na ukipanda kutoka Mai Mahiu na trela utashuka gia mapema na injini itapata moto. Breki nazo zinalazimika kusimamisha gurudumu kubwa na zito zaidi kwa diski zile zile. Kwa anayekokota, hatua moja ya asilimia 3 naikubali ikiwa ndiyo njia ya kupata LT yenye uwezo. Zaidi ya hapo sikubali.

Kwenye gari la fo-wili, matairi yote manne yawe ya ukubwa mmoja na yamechakaa karibu sawa, kwa kuwa tofauti ya kipenyo kati ya mbele na nyuma hulazimisha gia za ndani kupigana zenyewe kwa zenyewe kwenye lami.

Hatua ya saba: ukaguzi wa dukani

Tafuta neno DOT ubavuni na usome tarakimu nne za mwisho. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2024. Wakati mwingine tarakimu hizo ziko upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo ligeuze. Mimi sinunui tairi la dukani lililopita miaka miwili, na tairi lolote lililofika miaka 10 hutolewa barabarani hata likiwa na meno kamili.

Kisha lichunguze tairi lisiwe limechongwa, yaani tairi lililochakaa kukatwa mifereji upya kwa kisu ili lionekane jipya. Mwaka wa 2016 nilinunua matairi ya trela kwa muuzaji aliyenihakikishia kuwa ni mapya, yakiwa yamepakwa dawa nyeusi hadi yakang'aa. Baada ya wiki sita, nikiteremka Mai Mahiu na ndama wawili, nilisikia kishindo, na kwenye kioo cha pembeni nikaona ukanda mweusi ukiruka kama nyoka nyuma ya trela. Niliweza kusimama pembeni salama, na ndama hawakuumia. Fundi wa pancha wa pale chini alilivua tairi lililosalia, akalipangusa kwa kitambaa chenye petroli, akapitisha kidole gumba ndani ya mfereji. "Mzee, hili limechongwa," akaniambia. "Shika hapa uone." Nilipogusa nilihisi sakafu ya mfereji ikipanda na kushuka kwa mikato ya kisu cha moto, na sehemu moja uzi wa ndani ulikuwa umeshatokeza kama unywele. Vile vinundu vya alama vilikuwa vimekatwa vyote.

Tangu siku hiyo hukagua mambo matatu kwa mkono wangu. Hupapasa sakafu ya mfereji, ambayo kwenye tairi halali huwa laini na ya kina kimoja. Hutafuta vinundu vya alama, na nikivikosa huondoka. Huchovya njiti ya kiberiti ndani ya mfereji, nikaiwekea alama kwa ukucha na kuipima kwa rula, sehemu tatu tofauti za tairi. Yapo matairi ya malori makubwa yaliyoandikwa REGROOVABLE, ambayo yametengenezwa na mpira wa ziada ili yachongwe kwa utaratibu. Tairi la pikapu lisilo na neno hilo halichongwi.

Dawa nyeusi ya kung'arisha nayo naomba ipanguswe kabla sijalipa, kwa kuwa huficha nyufa. Muuzaji mwaminifu hakatai.

Hatua ya nane: kufunga na kutunza

Badilisha vali za mpira kila unapobadilisha matairi, na kwa upepo wa juu wa LT omba vali za chuma, maana vali za kawaida za mpira hazikusudiwi kwa upepo unaozidi takriban PSI 65. Hakikisha rimu nayo imekubaliwa kwa mzigo na upepo huo. Fanya balansi na alaimenti siku hiyo hiyo. Nati zikazwe kwa mpangilio wa nyota, kisha zikazwe tena baada ya kilomita 80 hadi 100.

Pima upepo asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa baridi, na usiupunguze ukiwa umepanda safarini, kwa sababu kupanda PSI chache kutokana na joto ni kawaida. Anayeshuka Mombasa asishangae na tofauti: tairi lililojazwa PSI 40 Nairobi, kwenye kimo cha karibu mita 1,800, lingesoma takriban 37 ufukweni kama joto lingekuwa sawa, kwa kuwa hewa ya nje kule ni nzito zaidi, ingawa joto la pwani hurudisha sehemu kubwa ya upungufu huo. Pima upya ukifika, ukiwa umelala usiku mmoja.

Zungusha matairi, ya nyuma yaende mbele, kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Pancha iliyo kwenye meno na isiyozidi milimita 6 hurekebishwa kwa kiraka cha ndani chenye kishina kinachoziba tundu. Ile kamba inayosukumwa kutoka nje ikufikishe kwa fundi tu, usikokote nayo. Pancha ya ubavuni hairekebishwi.

Tairi la akiba liwe la ukubwa na uwezo ule ule wa mengine. Literemshe kila baada ya miezi mitatu, ulipime upepo, na ukague mnyororo unaolishikilia chini ya bodi, kwa kuwa matope ya Ruai hukaa ndani ya pingili zake na kuzilisha kutu hadi siku unapouhitaji ukute hauteremki. Upake grisi. Na ikiwa rimu za trela haziingiliani na za pikapu, beba akiba mbili pamoja na jeki inayoweza kuinua trela ikiwa imepakiwa, na kipande cha ubao cha kuiwekea chini jeki hiyo isizame kwenye udongo.